Daktari Aliyeharibu Seli

Nchi ya Unono huioni kwenye ramani, na ni vizuri, kwa sababu ramani huchorwa na wageni na wageni wana wivu. Mimi nimezaliwa huko, nimekulia huko, na kodi zote nalipa huko, hata ile ya kufurahia sikukuu. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa mapenzi makubwa kwa nchi yangu. Atakayedhani namsema yeye, basi ajichunguze.

Kwa miaka mingi Unono ilikuwa na tatizo la njaa. Mtukufu Rais alilimaliza ndani ya asubuhi moja. Kwanza alilifuta neno lenyewe kwenye hotuba zote, kisha akafungua Kiwanda cha Mafuta ya Ushindi. Mafuta haya yalikuwa meupe kama chokaa na magumu kama sabuni ya mche. Mwanzo yalikuwa mafuta ya kawaida ya mbegu, yale yanayomiminika. Kiwandani yalipashwa moto, yakasukumiwa hewa ya hidrojeni kwa mitambo mpaka yakaganda. Yakishaganda hayakubadili msimamo. Ungeweza kuyaacha kabatini toka Idi hii mpaka Idi nyingine, yasinuke wala yasioze. Sisimizi waliyazunguka, wakayatazama, wakaenda zao. Gazeti la serikali likaandika kwamba hata sisimizi wa Unono wana nidhamu, hawagusi mali ya umma.

Tukayala. Maandazi, sambusa, viazi, biskuti, hata mchicha uliokuwa haujamkosea mtu. Shuleni watoto walipakiwa kwenye mkate. Mzee mmoja mtaani kwetu alipaka mnyororo wa baiskeli yake, na baiskeli ikakubali. Kisha ikatoka Sheria ya Shibe, iliyoamuru kila mgahawa ukaange kwa Ushindi peke yake. Mafuta ya alizeti yalipigwa marufuku kwa kosa la kumiminika ovyo.

Kiwanda kilikuwa mali ya umma. Umma huo uliwakilishwa na kaka wa mke mdogo wa Rais, bwana mmoja mwembamba, mwenye afya njema, ambaye nchi nzima ilimwita Shemeji, pamoja na sisi tusiomjua dada yake.

Na kama ilivyo kila penye shibe, palihitajika waziri. Waziri wa Shibe alikuwa Mheshimiwa Hemedi Shemboko, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyotangulia kuingia chumbani kabla ya mwenyewe. Kazi yake kubwa ilikuwa moja tu. Kila Ijumaa, mbele ya kamera, alikula kijiko kilichojaa cha Ushindi, akalamba, akatabasamu, akasema, "Taifa limeteremka vizuri." Baada ya hapo tulipiga makofi tukarudi kazini.

*

Mheshimiwa Shemboko alikuwa na mpwa aliyemlea tangu dada yake alipofariki. Jina lake Sikudhani Mbaruku. Alimsomesha mpaka akawa daktari wa moyo katika Hospitali Kuu, na alijivunia jambo hilo kuliko uwaziri. Wageni wakija nyumbani aliwaonyesha picha ya mahafali ya Sikudhani kwanza, halafu ndiyo picha ya Rais, kosa ambalo kwa bahati njema hakuna aliyelipeleka mbele.

Huko hospitali, Sikudhani alianza kuona mambo. Mwalimu alianguka akiandika ubaoni. Fundi wa matofali, kijana mwenye mikono kama magogo, alikaa chini kupumzika asinyanyuke. Walikuja wanawake wa umri wake yeye mwenyewe wakishika vifua, na mishipa yao ilikuwa kama ya vikongwe. Wizara iliruhusu vyeti vya kifo viandikwe sababu tatu tu: uzee, ajali, na furaha iliyopitiliza. Mwaka ule furaha ilikuwa ikiua watu kama inzi.

Sikudhani alipima damu, akauliza kila mgonjwa anakula nini, akalinganisha na wale wachache wa milimani ambako malori ya Ushindi hayakufika. Jibu lilikuwa lile lile. Akaenda kwa mjomba wake Jumapili, akamkuta jikoni amevaa msuli, anachungulia sufuria.

"Mjomba, keti. Nataka kukuambia kitu na sitaki unichekeshe."

"Umepata mchumba?"

"Nimepata majibu ya damu yako. Ile niliyokutoa mwezi uliopita."

Mzee akaketi. Sikudhani akamweleza bila kuzunguka. Mafuta yale ya mgando yanapandisha ile lehemu mbaya inayoziba mishipa, yanashusha ile nzuri inayoisafisha, na mishipa yake yeye Mheshimiwa inavimba kwa ndani, polepole, bila kelele.

"Sasa unataka niache nini? Nyama? Sukari?"

"Kijiko, Mjomba."

Mheshimiwa Shemboko alikitazama kijiko kilichokuwa mezani. "Siku, mama yangu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "kijiko ndicho kazi yenyewe. Nikiacha kijiko, mimi ni nani? Nyumba hii, gari, wale askari pale getini wanaonipigia saluti, vyote vinakaa juu ya kijiko."

"Na watu?"

"Watu wanashiba."

"Watu wanakufa."

Mzee alisimama, akamfungia mpwa wake sahani ya pilau ya kwenda nayo, akamsindikiza mpaka mlangoni. Ijumaa iliyofuata tulimwona kwenye televisheni. Alikula, akalamba, akatabasamu.

*

Sikudhani, kwa kuwa alisoma sana na hakujua mambo, akaandika ripoti na kuipeleka serikalini kwa njia halali. Kichwa chake kilikuwa hiki: "Uchochezi na Uharibifu wa Seli Unaosababishwa na Mafuta ya Ushindi."

Madaktari wenzake waliielewa. Mwili ukiwaka na kuvimba kwa ndani, wao huuita uchochezi. Na zile chembe ndogo zinazojenga mwili huziita seli. Lakini ripoti haikwenda kwa madaktari. Ilikwenda Wizara ya Mambo ya Ndani, na huko maneno hayo mawili yanajulikana vizuri sana, tena kila moja lina idara yake.

Asubuhi hiyo hiyo Kamishna wa Magereza alitumwa kukagua seli zote za nchi. Alikuta nyufa, mapaa yanayovuja, na ukuta mmoja uliokuwa umeegemea wafungwa badala ya wafungwa kuuegemea. Kwa miaka alikuwa akitafuta wa kumlaumu. Alifurahi karibu kulia. "Kumbe ni daktari!" alisema, na Sikudhani akakamatwa wodini akiwa bado na kipimo cha mapigo shingoni.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Tulikuja kwa hiari, kwa malori tuliyoletewa.

"Mshtakiwa," alianza mwendesha mashtaka, kijana aliyevaa wigi lililomzidi, "ulizoharibu ni seli ngapi?"

"Sikuharibu mimi. Mafuta ndiyo yanayoharibu."

"Ngapi?"

"Kwa mtu mmoja? Hazihesabiki. Mabilioni."

Ukumbi ukaguna. Kamishna wa Magereza alijipangusa jasho, maana hata yeye hakujua kwamba ana jela kubwa kiasi hicho.

Jaji akaomba maelezo, na Sikudhani akamgeukia kwa adabu. "Mheshimiwa, seli ninazozisema zimo ndani yako. Moyo wako, ngozi yako, ulimi wako unaonihukumu, vyote vimejengwa kwa seli, ndogo kuliko chembe ya unga. Kila moja ina ukuta laini wenye mafuta. Ukila Ushindi, mwili unayachukua mafuta hayo na kujengea kuta zile, lakini ni magumu, hayakai inavyotakiwa. Kuta zinakakamaa, seli zinaugua. Mwili unadhani umevamiwa, unatuma askari wake. Askari wakifika hawamwoni adui, basi wanapiga chochote kilicho mbele yao. Mishipa ya damu inaumia, inavimba, na moto ule hauzimiki maana kesho unakula tena. Huo ndio uchochezi."

Jaji aliinua kalamu. "Unasema askari wanapiga wasio na hatia?"

"Ndani ya mwili, Mheshimiwa."

"Karani, andika. Mshtakiwa amevitukana vyombo vya dola."

Sikudhani alifumba macho kidogo, kama mtu anayehesabu pumzi zake. Alipoyafumbua, shahidi mkuu wa serikali alikuwa anaingia. Alikuwa mjomba wake.

*

Mheshimiwa Shemboko hakumtazama mpwa wake. Alikula kiapo, kisha karani akamletea kopo la Ushindi juu ya kitambaa cha velveti, pamoja na kijiko. Mwendesha mashtaka alitangaza kwamba serikali haitabishana na maneno. Itathibitisha kwa tumbo.

"Mheshimiwa Waziri, mafuta haya yana madhara?"

"Hayana," alisema mzee. Akachota. Akameza. "Taifa," alisema, "Taifa lime..."

Akashika kifua. Akaanguka kifudifudi juu ya meza ya vielelezo, kopo likabingirika mpaka miguuni pa jaji.

"Mgeuzeni!" alipiga kelele Sikudhani. "Mlazeni chali!"

Jaji akagonga nyundo. "Mshtakiwa haruhusiwi kutoka kizimbani ila kwa maombi ya maandishi."

"Anakufa!"

"Upande wa mashtaka una pingamizi?"

Mwendesha mashtaka alianza kupekua kitabu cha sheria. Alikuwa bado kwenye ukurasa wa yaliyomo Sikudhani aliporuka kizimba, akampiga kikumbo askari, akapiga magoti na kuanza kumkandamiza mjomba wake kifuani kwa mikono miwili, kwa nguvu, huku machozi yakimdondokea mzee usoni. "Rudi," alikuwa akisema. "Mjomba, rudi. Sijamaliza na wewe. Rudi!" Tulisikia ubavu ukilia. Jaji aliahirisha kesi na kutoka kwa mlango wa nyuma. Sisi tulibaki tumesimama, na hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kumwombea.

Mzee akavuta pumzi.

Sikudhani alirudishwa rumande na kusomewa shtaka la nyongeza: kumpiga Waziri kifuani hadharani, mfululizo, kwa kukusudia.

*

Serikali ilikuwa na shida ndogo. Waziri wa Shibe alikuwa ameanguka kwa shibe mbele ya waandishi wa habari. Shemeji akapata wazo. Yaandaliwe matangazo ya moja kwa moja ya Redio ya Taifa kutoka kitandani kwa mgonjwa, wakubwa wakiwa wamemzunguka, naye atoe ushuhuda kwamba ni Ushindi uliomwokoa, kwa kuulainisha moyo ukateleza na kurudi mahali pake. Kisha ale kijiko. Nchi nzima iliamriwa kusikiliza. Mimi nilisikiliza kwenye duka la jirani, tulikuwa wengi.

Tulimsikia mtangazaji akimsifu Rais kwa kitambo, kisha akasema, "Mheshimiwa Waziri, wananchi wanasubiri. Kijiko hiki hapa."

Tukasikia sauti ya mzee, nyembamba, imechoka.

"Nitakula. Ila mgonjwa akila peke yake chakula hakipiti. Anzeni nyinyi, mimi nifuate."

Mtangazaji akacheka. "Mimi niko kazini, Mheshimiwa."

"Basi Katibu Mkuu wangu, huyu hapa."

"Mimi nimefunga," ilisikika sauti nyingine.

"Leo Jumanne?"

"Nalipa deni la mwezi, Mheshimiwa."

"Kamishna wa Magereza."

"Jino," alisema Kamishna. "Jino linanisumbua sana."

"Kwa kitu laini hivi?"

Pale dukani mtu mmoja alianza kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu.

"Shemeji," alisema mzee. "Wewe ni mwenye kiwanda. Samahani, mwakilishi wa umma. Kula kijiko kimoja, nami nitakula kopo zima."

Tulisikia kiti kikisogezwa. Tulisikia mtu akikohoa. Kisha Shemeji, mtu aliyezoea kujibiwa na si kuulizwa, akasema kwa haraka, "Mimi siwezi. Daktari wangu kanikataza."

Redio ingekatwa hapo, lakini sheria ilikataza kumkata Waziri hewani mpaka upigwe wimbo wa taifa, na fundi mitambo, tulikuja kuambiwa, alikuwa chini ya meza anacheka kiasi cha kushindwa kuufikia mtambo. Kwa hiyo nchi nzima ya Unono ilisikia ule ukimya uliofuata, wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mwenye duka aliinuka, akachukua makopo ya Ushindi yaliyokuwa rafuni, akayageuza moja moja, maandishi yakatazama ukuta.

*

Hapakuwa na maandamano. Sisi ni watu wa amani. Tuliacha tu kununua. Baada ya muda mfupi Mtukufu Rais akatangaza kwamba Ushindi umeshashinda, na sasa unastaafu kwa heshima zote. Mashtaka ya Sikudhani yalifutwa ghafla baada ya kugundulika kwamba jela zile zenye nyufa zilijengwa na kampuni nyingine ya Shemeji, na ikaonekana si vizuri kuendelea kuchunguza. Mheshimiwa Shemboko hakufukuzwa, kwa kuwa kumfukuza kungekuwa kukiri. Alipewa mapumziko ya heshima, akabaki na cheo, bendera na saluti, bila ofisi.

Sikudhani alimleta nyumbani kwake, akamlisha dagaa wa kuchemsha na mihogo. Siku za kwanza hawakuzungumza sana. Mzee alikula bila kulalamika. Siku moja mchana redio ikatangaza habari njema: akiba yote ya Ushindi iliyobaki maghalani inapelekwa nchi jirani iliyopatwa na mafuriko, kama zawadi ya udugu. Malori yanaondoka kesho asubuhi kupitia mpaka wa kaskazini. Serikali ya jirani imeshashukuru.

Mzee alisukuma sahani. "Nipeleke mpakani."

"Kufanya nini? Kifua hakijaunga. Huwezi hata kusimama muda mrefu."

"Kukaa chini naweza."

Sikudhani alimtazama, akaenda kuchukua mkoba wa dawa.

Mnajua, Unono ina sheria ya itifaki inayosema hakuna chombo cha moto kitakachompita Waziri barabarani kabla hajapita yeye. Mheshimiwa Shemboko alipofika karibu na kizuizi cha mpakani, alishuka garini akishikwa mkono, akatandika koti lake katikati ya lami, akaketi. Sikudhani akaketi kando yake na kumshika kifundo cha mkono kusikiliza mapigo. Askari wa zamu alikuja mbio, akamtambua, akapiga saluti, na kwa kuwa hakujua kinachofuata baada ya saluti, akabaki nayo.

Malori yakafika na kusimama, mstari mrefu hadi ng'ambo ya mlima. Honi zikalia. Askari alijaribu kuwaeleza madereva sheria ya itifaki huku mkono ukiwa bado kwenye kofia. Dereva wa lori la mbele akashuka. Alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, jina lake Chande. Aliacha injini inanguruma, akaja akasimama mbele ya mzee.

"Sauti ile ya redioni ilikuwa yako?"

"Yangu."

"Kwa hiyo ni kweli? Haya mafuta?"

"Kweli."

"Na ulijua? Zamani zile, ulipokuwa unakula Ijumaa?"

Mzee alimgeukia Sikudhani. Sikudhani hakumsaidia. Aliendelea kushika mapigo, akitazama barabara.

"Nilijua," alisema mzee. "Huyu aliniambia, jikoni kwangu. Nikala tena. Nikatabasamu."

Chande alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali maelekezo ya njia. "Mke wangu alikuwa anauza vitumbua," alisema. "Alianguka mwaka juzi, karai likiwa motoni. Makopo nilikuwa nampelekea mimi. Kwa lori hili."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Mwajabu."

Mheshimiwa Shemboko alifungua mdomo, ile sauti kubwa ikajaribu kutoka, haikutoka. Chande akainua kiganja.

"Usiniombe radhi hapa njiani, mzee. Siwezi kukusamehe na nina mzigo."

Akarudi kwenye lori, akapanda, akazima injini. Alishuka na funguo mkononi, akazitia mfukoni. Kisha akaja akakaa juu ya lami pamoja nao. Hakukaa upande wa Waziri. Alizunguka, akakaa upande wa Sikudhani.